Kimya Ulichoniwekea Mdomoni

Shanwe, jioni ya kuamkia safari yako

Vero,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, na begi lako liko hapa mlangoni limeshafungwa. Nimefunga studio mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja, naandika. Ningeweza kusubiri urudi nikuambie kwa mdomo, lakini nakujua. Nikifika sentensi ya pili utasema, "Mama, nishaelewa," na kumbe hujaelewa kitu. Karatasi angalau utaisoma mpaka chini.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kuchagua marafiki, wala kusali. Hayo shangazi zako wamekuambia mpaka masikio yamekuwa mazito. Nakuandikia juu ya filamu yako, na juu ya bibi yako wa Ikola, mama yake baba yako, ambaye tangu juzi hapokei simu yangu. Anaamini kwamba mwanawe alipokufa mimi nilikataa kwenda kumzika. Ameamini kwa sababu ameuona uso wangu kwa macho yake. Na huo uso pale umeuweka wewe.

Siku ile filamu yako ilipoonyeshwa ukumbini nilikaa mstari wa mbele, nimevaa kitenge ulichonichagulia. Nilikuwa na furaha, Vero, sitakudanganya. Filamu ilipoanza na ile shoti pana ya mji asubuhi, reli, watu wanavuka na baiskeli zao za mkaa, nikasema moyoni: anajua. Amemwambia mtu kwanza yuko wapi. Halafu ukaja mtaa wetu, halafu mlango wa studio, halafu mikono yangu inafuta lenzi kwa upindo wa kanga. Hukuruka. Ulimshika mtazamaji mkono ukamwingiza ndani taratibu, kama nilivyokufundisha tulipokuwa tunarekodi harusi huku wewe umebeba taa na kulalamika kwamba inakuunguza. Nilitaka kumgusa mtu wa pembeni nimwambie, huyo ni wangu.

Kisha ikasikika sauti yako, picha bado iko kwenye mikono yangu: "Mama, kwa nini hukwenda kumzika baba?"

Na ukakata, ukaweka uso wangu. Nachambua mchele. Nainua macho, natazama dirishani, uso umekunjamana, nateremsha macho, naendelea kuchambua. Neno hakuna. Kimya kirefu mpaka watu ukumbini wakaanza kuguna. Halafu ukapeleka watu ziwani, dagaa wameanikwa mchangani, hakuna mtu, na muziki ukaingia.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Ee! Hiyo roho ni ya jiwe." Mwenzake akasonya. Taa zilipowashwa wakapiga makofi, wale wakubwa walioandaa maonyesho wakakuita mbele wakatangaza kwamba umepata nafasi ya chuo huko Mwanza, na wewe ukashika maiki ukasema unamshukuru mama yako kwa ujasiri wake. Ujasiri gani, mwanangu? Na mimi nikapiga makofi. Ningefanyaje, watu wote wananitazama?

Kesho yake yule fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye nimemrekodia harusi yake na kipaimara cha watoto wake wote, akaniuliza huku anatunga uzi kwenye sindano, "Mama Vero, kumbe mwenzio hukumzika?" Nikamwambia, "Wewe shona nguo za watu." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikuwa na mteja, lakini nilikaa humo mpaka jua lilipozama.

Sasa tuzungumze kama watu wa kazi moja.

Kile kimya nakijua kilikotoka, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kukirekodi. Nilikuambia, ukimaliza kumhoji mtu usikimbilie kukunja nyaya. Waombe wote wanyamaze kidogo, urekodi nyumba yenyewe. Kila nyumba ina kimya chake: friji inavyonguruma, bati linavyolia likipata jua, kuku wa jirani. Ukishakata maneno ya mtu, unatia kile kimya kwenye pengo, na msikilizaji hajui kama pamekatwa. Nilikuambia hivyo, na nilijiona mwalimu hodari.

Siku uliyonihoji mimi, mahojiano yalipokwisha, ukaniambia, "Mama, usiongee kidogo, narekodi nyumba." Nikatii. Nikavuta ungo nikachambua mchele taratibu ili usilie kwenye maiki yako. Katikati ikapita bodaboda na eksozi yake iliyotoboka, nikainua macho nikaitazama dirishani kwa hasira, kwa sababu nilijua imekuharibia. Basi uso ule ambao ukumbi mzima umeuona ni roho ya jiwe, ni uso wa mama anayemkasirikia dereva wa bodaboda kwa ajili ya kazi ya mwanawe. Na kamera ulikuwa umeiacha inazunguka, sikujua.

Usidhani nakusema mimi nikiwa msafi. Unakumbuka nisivyopenda kupokea kazi za Majimoto mpaka leo, na umeniuliza mara nyingi nami nakujibu kwamba barabara ni mbaya. Barabara haina kosa. Nilirekodi harusi kule wewe ukiwa mdogo. Bibi harusi wa kwetu, Mpimbwe, bwana harusi wa wafugaji waliohamia na ng'ombe zao, Wasukuma. Siku ya kukabidhi mahari nilisimama zizini, ng'ombe wanaingia, vumbi mpaka mbinguni, nikapiga uso wa mama wa bwana harusi. Amefinya macho, amekunja mdomo, vumbi linamwingia. Klozapu nzuri sana, uso umejaza picha nzima, ina mwanga wa jioni.

Nilipokaa kuediti nikafika mahali bibi harusi anafunguliwa zawadi za jikoni, sufuria na vikombe vya kwao, na picha zilikuwa hazishikani, zinarukaruka. Nikahitaji uso wa mtu anayetazama nizibie. Nikachukua ule wa zizini nikaupachika. Ukakaa sawasawa! Alikuwa anatazama kushoto, bibi harusi na sufuria zake anatazama kulia, macho yanakutana vizuri kabisa. Nilijipongeza.

Wakaitazama ile video wote pamoja kwenye runinga ya nyumbani kwa bwana harusi, koo mbili, soda mkononi. Wakaona sufuria za masikini, halafu wakaona mama mkwe amekunja uso. Nasikia shangazi wa binti alisimama akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe zenu ndizo zinawafanya mvinunie vyombo vyetu?" Mama wa watu anaapa hakununa, hata hakumbuki, na hakuna anayemwamini kwa sababu amenuna mbele ya macho yao. Nikaitwa. Nikapeleka mkanda mzima usiokatwa, nikawaonyesha ng'ombe, vumbi, na yule mama anafinya macho. Wazee wakautazama mpaka mwisho. Kisha mmoja akaniuliza, bila ukali, "Mama, sasa hapa sisi tukuamini kwenye ule mkanda wa kwanza au huu wa pili?" Nikaurudisha mkanda kwenye begi. Yule binti alikaa kwenye ile ndoa kwa shida, kila kosa la jikoni likawa linarudishwa kwenye ule uso.

Kwa hiyo ninaposema nakijua ulichokifanya, nakijua kwa mikono. Shoti moja peke yake haina ubaya. Uso ni uso, swali ni swali. Ukiviweka jirani, mtazamaji anajenga nyumba hapo katikati, na anahamia, na huwezi kumtoa. Ile ndiyo raha ya kazi yetu. Unamkata mtu anaponyanyua mguu hapa, unamkuta anakanyaga kule, na hakuna anayeuliza njiani amepita wapi. Unatanguliza sauti kabla ya picha, na watu wanakufuata wenyewe. Wewe una kipaji cha hayo kuliko mimi, nasema kweli hata kama inaniuma kukusifu leo. Lakini mimi nilipachika kwa uzembe, naziba pengo. Wewe ulikuwa na jibu langu mkononi. Ulilikata ukaliacha nje.

Nilipokuuliza juzi jikoni, hukunitazama hata usoni. Ulikuwa unakunja nguo. Ukasema, "Mama, yale maneno yalikuwa marefu, yalikuwa yanaua mwendo. Kimya kinaongea zaidi." Nikakuuliza, "Kinaongea nini?" Ukasema, "Kila mtu anasikia chake." Nikatoka nje, maana ningekuzaba kibao, na umeshakuwa mtu mzima.

Mwendo! Basi kaa chini nikuharibie mwendo kidogo, nikuandikie tena nilichokisema.

Nilikwenda, Vero. Habari za kifo zilipofika nilikupeleka kwa mama yako mdogo, nikabeba begi la kamera ndani yake nimetia kanga mbili nyeusi, nikapanda gari la Ikola. Baba yako alikuwa amehamia kule kwa biashara ya dagaa na alikuwa anaishi na mwanamke mwingine, mtaa mzima unajua. Lakini mimi na yeye tulifunga ndoa kanisani na hakuna padri aliyeifungua. Nilikuwa na hasira naye mpaka kwenye mifupa, na bado nilikuwa mke wake, na nilitaka kukaa kwenye mkeka wa wafiwa nimlilie kama mke anavyolia.

Wajomba zangu, ambao wangenisemea, hawakuwepo. Nilikuwa peke yangu. Baba zako wadogo wawili wakanipokea nje, pale wanaume walipokaa. Mkubwa wao akasema, "Shemeji, mke yuko ndani. Usituletee vurugu msibani." Nikamwambia, "Basi nimwone mama tu." Akasema, "Mama hajisikii." Na mimi namsikia mama ndani analia, anamtaja mwanawe kwa jina la utotoni. Wakasimama mlangoni wote wawili. Sikupiga kelele. Hapo ndipo nilipokosea kosa la kwanza, maana mwenzangu mwenye akili angepiga kelele mpaka mkwe wake asikie.

Nikaenda nikakaa ufukweni kwenye vichanja vya dagaa. Wanawake wanaogeuza dagaa wakanipisha, hawakuniuliza. Jeneza lilipotoka nikafuata nyuma kabisa, kama mpita njia. Niliona watu wanatupa udongo. Mimi sikutupa. Watu walipotawanyika nikapanda gari la kurudi. Hivyo ndivyo nilivyomzika baba yako.

Kosa la pili ni hili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Nilipokuaga siku ile nilikuambia nakwenda kurekodi harusi. Ulikuwa mdogo, unashika mkanda wa begi, nikakuambia nitakuletea keki. Na nilirudi na keki kweli, niliinunua hapa stendi. Ulipokuja kujua tarehe ya msiba, ukaunganisha mwenyewe: baba anazikwa, mama yuko harusini anakula keki. Sikukusahihisha. Kila mwaka nikasema nitakuambia mwaka unaofuata, na aibu ya kufukuzwa mlangoni ikawa inanizuia. Mtoto asipoambiwa anajiungia vipande alivyonavyo. Nilikuachia vipande vibaya, na hilo ni langu, silikani.

Ndiyo maana uliponiuliza mbele ya kamera, nilijibu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nililia mpaka nikakuomba uzime, na hukuzima, na mimi nikakuacha usizime. Nikajua nyuma ya kamera na wewe unalia, nilisikia pua yako. Nikasema basi, leo tumemaliza, leo mwanangu amejua. Kumbe ulikuwa unahesabu jinsi maneno yangu yalivyo marefu.

Nimejiuliza siku hizi zote kama ulilikata jibu kwa ajili ya mwendo, au ulilikata kwa sababu hukuliamini. Kama hukuliamini ningekuelewa zaidi. Mtu niliyemdanganya kwa keki ana haki ya kunishuku. Lakini kama uliliamini na bado ukalitoa kwa sababu uso wa bodaboda ulikuwa mzuri zaidi, hapo, mwanangu, nashindwa. Nakupenda, na tangu siku ile ya ukumbi nimekuchukia pia, na sijui mama anafanyaje na vitu viwili hivyo kwa wakati mmoja.

Sasa hili hujui. Mtu fulani alirekodi kile kipande kwa simu ukumbini, akakituma kwenye kundi la ukoo. Kikafika Ikola. Baba zako wadogo wakamwonyesha bibi yako. Juzi akanipigia. Sauti yake imekuwa ndogo sana siku hizi, ilibidi nitoke nje nimsikie.

"Mama Vero," akasema, "miaka yote hii wanangu wananiambia ulikataa kuja. Miaka yote nawabishia. Nawaambia, yule namjua, alikuja, nyie ndio mmemficha. Mpaka nimegombana nao. Leo wameniletea simu, nimeuona uso wako mwenyewe unaulizwa na mtoto wako. Hata machozi huna."

Nikasema, "Mama, nisikilize." Akasema, "Nimesikiliza miaka mingi." Akakata.

Unaelewa maana yake? Mtu mmoja tu duniani aliniamini bila mimi kufungua mdomo, na alipigana na wanawe aliowazaa kwa ajili yangu, na mimi sikujua mpaka siku aliyoacha. Wale wawili walisimama mlangoni wasiniruhusu kupita. Uongo wao ulikuwa mlegevu kama ubao usiopigiliwa, bibi yako alikuwa anausukuma kila siku. Wewe umewapelekea msumari.

Usiniambie nimtumie lile jibu kwenye simu. Kwanza liko kwenye diski yako na diski iko kwenye begi lako. Pili, atasema yale yale ya wazee wa Majimoto. Yeye anajua mkwe wake anakula kwa kukata na kuunga picha za watu. Nikimpelekea mimi, nimejitengenezea. Nikienda mwenyewe, wale wawili bado wapo na mlango bado upo. Wewe ni damu yao, hakuna atakayekuzuia. Na wewe ndiye uliyemuuliza mama yako lile swali, sauti ni yako, bibi yako anaijua. Wewe uliyekata ndiye unayeweza kusema, "Bibi, nilikata."

Mpelekee kizima. Kuanzia unapouliza mpaka kamera inapozimwa. Usinisafishe. Mwachie pale ninapopenga kamasi, pale ninapomtukana baba yako, pale ninapokosea siku nikajirekebisha. Mwachie hata ile bodaboda. Itakuwa ndefu na itamchosha, na yeye ni mzee, lakini ana subira kuliko wale watu wako wa ukumbini. Ukimaliza, ukitaka kuiacha ile filamu ilivyo, iache, ikuletee vyeti. Sitakuomba tena kitu juu ya hiyo filamu. Mimi nataka bibi yako tu, na bibi yako hana muda.

Chuo wamekupa wiki nzima ya kuripoti, nimesoma barua yao. Kesho asubuhi kuna gari la Mwanza na kuna gari la Ikola, yote yanaondokea stendi ile ile. Chakula cha njiani nimekufungia, kinatosha kokote utakakokwenda.

Mimi sitakusindikiza. Nimesikia ulimwambia rafiki yako kwamba unataka kunipiga picha nikikupungia mkono stendi, umalizie filamu. Tafuta mwisho mwingine. Mimi asubuhi nitafungua studio kama kawaida, simu nitaiweka mezani. Bibi yako akinipigia, nitajua ulipanda gari lipi. Asipopiga pia nitajua.

Mama yako